Kompyuta Yenye Haraka na Sweta ya Mitchell

"Muza, imefunguka?"

"Bado, Madam."

"Na sasa?"

"Madam, hata kope sijapepesa."

Madam Waithira ndiye mwenye duka letu la kufuma sweta za shule hapa Ruiru. Jumapili ile alisimama nyuma ya kiti changu akinipumulia shingoni. Kwenye benchi walikaa Aoko, mama anayefanya kazi kwenye shamba la kahawa, na binti yake Mitchell. Kukaa ni neno tu. Aoko alikuwa akiinuka, anachungulia nje, anarudi, anainuka tena.

Kesho asubuhi Mitchell alikuwa anaripoti Form One, boarding, shule ya bweni kule Thika. Shule yenyewe haina mchezo: sweta ya rangi ya maruni, herufi za shule zimefumwa kifuani. Mwaka uliopita msichana mmoja alirudishwa getini kwa ajili ya sweta, na aliporudi akakuta nafasi yake imepewa mwingine. Aoko alikijua kisa hicho vizuri kuliko sala ya Baba Yetu. Mgongo na mikono ya sweta ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kifua, na kifua chenye herufi hufumwa na mashine kubwa inayoamrishwa na kompyuta.

Sasa hapo ndipo ugonjwa ulipo. Programu ya kufumia ni ya zamani, ya enzi za DOS. Kompyuta yetu kuukuu ilipokufa, Madam akanunua mpya, ya Windows 95, yenye mbio ajabu. Mpaka Ijumaa kila kitu kilikuwa poa. Kuanzia Jumamosi, nikifungua programu, skrini inakuwa nyeusi, inaandika "Checking speed", halafu "Runtime error 200", halafu inanitupa nje kama mlevi asiyetakikana baa.

"Si ulisema umesomea kompyuta?" Mitchell akaniuliza.

"Nimesoma kozi tatu za packages."

"Basi kasome ya nne, tutangoja."

Huyu mtoto boarding itamnyoosha, nikajiambia. Kama atafika.

Nilifuta programu nikairudisha kutoka kwa diski. Error. Nikabadilisha kebo. Error. Nikaiwasha kwa DOS tupu bila Windows, nikifikiri ikirudi kwao itatulia. Error ile ile, tena safari hii ilikuja upesi zaidi, kidole changu kikiwa bado kwenye Enter.

"Ngai! Umeiharibu kabisa," Madam akasema.

"Ngoja kwanza, Madam." Ule upesi ulinishtua. Programu inapima mbio za kompyuta kabla ya kuanza kazi. Ilitengenezwa wakati kompyuta zilikuwa zinatembea. Hii inakimbia mpaka programu inapotewa na hesabu. Lakini mbona Ijumaa ilikubali? Ijumaa kulikuwa na nini?

Nikakumbuka, na nikatamani nisingekumbuka.

"Madam, ile CD yangu ya video za muziki... ile niliyokuwa naicheza kazini, ukanipokonya Ijumaa jioni. Iko wapi?"

"Kwa mkoba. Kwa nini?"

"Naomba niicheze."

Aoko akasimama. "Huyu kijana ni mzima? Mtoto wangu anakosa shule, na yeye anataka densi?"

"Mama Mitchell, kompyuta ina haraka sana. Lazima niipe kazi nyingine ya kuichosha, ndio ipunguze mwendo. Muziki ndio uliokuwa unaichosha."

"Muza," Madam akasema polepole, "ukinichezea leo, kesho utatafuta kazi Juja."

Lakini alifungua mkoba.

Nikaweka CD. Mwanamuziki mmoja akaanza kutingisha kiuno pembeni mwa skrini. Nikafungua programu. Error. Nikafungua video ya pili juu ya ya kwanza. Sasa wote wawili walikuwa wanacheza kwa kukwamakwama, mguu leo, mguu kesho. Nikabonyeza Enter.

"Checking speed." Ikakaa. Ikakaa. Halafu menyu ya bluu ikatokea, tulivu kama hakuna lililotokea.

"Usiguse kitu!" Madam akapiga kelele. "Mikono juu, Muza!"

Mashine ikanguruma. Tukasimama wanne tukitazama uzi wa maruni ukipanda na kushuka, na kila ilipokohoa Aoko alinishika bega kwa kucha. Herufi ya kwanza ikatokea, ya pili ikafuata. Kipande kilipoanguka kwenye kikapu, Madam alikinyakua kikiwa bado na joto, akaketi kuunga mabega kwa sindano.

"Mitchell, vaa," akasema, kwapa moja bado halijashonwa.

Mikono ya sweta ilifunika vidole vyake. Mitchell akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akagusa herufi moja moja, kisha akavuta mikono juu ili vidole vionekane.

"Ni kubwa," nikamtania.

"Ni ya mpaka Form Four," Aoko akajibu, na hatimaye akakaa chini.