Meno ya Nyuma

Katika nyumba ya nyoka kulikuwa na sheria moja, na mtunzaji ndiye aliyeitunga: ukiumwa, usivute. Ukivuta utamvunja nyoka meno, na nyoka hana kosa. Kwa miaka mingi aliwaachia chatu mkono wake mpaka waridhike wenyewe, na wenzake wakambandika jina la Subira. Mkewe, fundi cherehani, hakuona la kuchekesha hapo. Alishamwambia waziwazi: akirudi na jeraha lingine, yeye anafungasha na kuhamia kwa dada yake.

Ndipo akaletwa nyoka mmoja wa kijani kutoka misitu ya milimani, mwembamba, macho makubwa, upole wa kudanganyia watu. Meno yake ya sumu yako nyuma kabisa mdomoni, kwa hiyo akikudonoa tu hupati neno. Balaa ni akipata nafasi ya kutafuna, maana sumu yake huzuia damu kuganda. Subira alilijua hilo fika. Lakini alipokuwa akimbadilishia maji, nyoka alimdaka kidole, na mkono ukafuata mazoea yake. Ukatulia. Nyoka akatafuna kwa raha zake, kisha akaachia. Mtu mzima na akili zake alikuwa amesimama pale akingoja kutiwa sumu.

Alifunga plasta, akaenda nyumbani kula mchana kama kawaida. Mezani mkewe aliona fizi zake zikivuja damu. Hakupiga kelele. Alizima jiko, akachukua mkoba, wakaenda hospitali.

"Alikushika kwa muda gani?" daktari aliuliza.

Subira alimtupia mkewe jicho. Aliogopa nyumba bila huyu mwanamke kuliko alivyoogopa kufa. Ni ujinga, lakini ndivyo alivyoogopa.

"Aligusa tu, akaachia papo hapo. Hizi fizi ni mswaki."

"Basi nenda kapumzike, urudi kesho tupime damu."

"Daktari, ngoja kidogo," mkewe alisema. Alimgeukia mumewe. "Baba watoto, siendi kwa dada. Umenisikia? Siendi popote. Haya, sema ukweli."

Subira alimeza mate yaliyochanganyika na damu.

"Alitafuna mpaka akachoka. Sikuvuta."

Daktari aliweka kalamu chini, akamwita muuguzi aandae kitanda. Mkewe aliinama akamvua viatu, kimoja kimoja, naye Subira akamwachia miguu.