Kamusi ya Maneno ya Kupuuzwa

Fundi wa data wa hospitali aliweka kikombe chake cha chai juu ya kabati la chuma, mbali na waya, akafungua hifadhidata ya malalamiko ya wagonjwa. Mkurugenzi alitaka mtambo wa kutafuta: uandike neno, malalamiko yote yenye neno hilo yaje mbele yako. Kazi hiyo huanza na kamusi. Fundi aliunda ya visawe, ili anayetafuta "daktari" ampate na "tabibu". Akaunda ya mashina, ili "nilitukanwa" na "wanatutukana" yahesabiwe kuwa neno moja. Ya mwisho ilikuwa ya maneno ya kupuuzwa, yaani "na", "ya", "kwa", yale yaliyozagaa kila mahali kama vumbi, hata kuyatafuta hakumsaidii mtu.

Bado mtambo ulijikokota. Alipochungulia ndani alikuta neno moja limezagaa kuliko hata "kwa", nalo ni "kusubiri". Kila mlalamikaji alikuwa amesubiri.

"Lipuuze," mkurugenzi alisema. "Linatujazia bure."

Akaliweka kwenye kamusi ya kupuuzwa. Kitaalamu hakukosea, ndivyo fani ilivyomfundisha. Na kwa kuwa kamusi zake zilikuwa hodari, neno liliondoka na ukoo wake mzima, na "nilisubirishwa", na "tumengoja", na "wangali wanangojea". Mtambo ukawa mwepesi. Mkurugenzi akamwita Bi Kamusi mbele ya watu, na jina likamganda.

Alasiri hiyo watu walioketi kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje walianza kutoonekana. Hakuna aliyepiga kelele. Mfagizi alipitisha ufagio, ukagota kwenye miguu ya mtu, akasema samahani, akaendelea. Wauguzi walisema kazi siku hizi imepungua, ila ukumbi wenyewe unakohoa sana.

Mama yake Bi Kamusi alikuwa na uvimbe tumboni, na mpasuaji wa uvimbe alikuwa katika hospitali hiyo tu. Kila asubuhi walitoka nyumbani pamoja. Nyumbani mama alionekana vizuri, maana huko hakusubiri kitu. Akishakalia benchi alitoweka, kuanzia miguuni.

"Mama, upo?"

"Nipo, mwanangu. Nenda kazini, usije ukafukuzwa kwa ajili yangu. Mvumilivu hula mbivu."

Siku zikapita, jina lake halikuitwa. Bi Kamusi alipapasa benchi, akamshika mama mkono, akamwingiza mwenyewe kwa daktari.

"Bi Kamusi! Leo kompyuta ipi imegoma?"

"Nimemleta mama."

Daktari alitazama pembeni yake kwa heshima, pale penye hewa tupu. "Msalimie ukirudi nyumbani," akasema.

Siku hiyo hiyo Bi Kamusi alilitoa neno kwenye kamusi. Waliofika mara ya kwanza baada ya hapo walionekana kama kawaida, wakaitwa, wakatibiwa. Mama hakuonekana. Bi Kamusi alijua sababu, na roho ilimuuma. Ukiirekebisha kamusi, yaliyokwisha kupita ndani yake hayarudi yenyewe. Lazima faharasa yote, ile orodha ambayo mtambo hutafutia ndani yake, ijengwe upya tangu mwanzo, na mtambo uzimwe wakati huo, na ruhusa ya kuuzima alikuwa nayo mkurugenzi.

"Uuzime sasa? Na wageni wa wizara wanakuja kujionea jinsi tulivyomaliza malalamiko ya kusubiri?"

"Mama yangu yuko benchini, bosi."

"Nakuelewa sana. Hata shangazi yangu yuko pale," mkurugenzi alisema, na kweli sauti yake ilikuwa ya huzuni. "Wageni wakishaondoka."

Wageni hawakuja mwezi ule, wala uliofuata. Mama alirudi nyumbani kila jioni, mwili umekwisha, tumbo limetangulia. Akila vijiko viwili vya uji alisema ameshiba, kisha akasimulia habari za jirani yake wa benchini, mshona viatu mmoja mcheshi ambaye hakuwahi kuiona sura yake. Siku moja alisema yule mshona viatu hatanii tena. Bi Kamusi aliingia chooni, akafungulia bomba ili asisikike akilia.

Wageni walikuja hatimaye. Waliuandikia mtambo neno "kusubiri", ukawajibu kwamba hakuna, wakapiga makofi, wakaenda zao. Bi Kamusi akauzima, akajenga faharasa upya. Watu wakatokea, mabenchini, sakafuni, kandokando ya ukuta mpaka kwenye chumba cha kufulia, wengine wakiwa wamefunikwa nguo usoni na majirani zao. Hakuna aliyeshangaa. Mkurugenzi alisimama mlangoni, akamwamkia shangazi yake, akaagiza mabenchi yaongezwe.

Mama akaitwa. Daktari alimbonyeza tumbo muda mrefu, akanawa mikono, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Mama, hapa hatuwezi kupasua tena. Mbona umechelewa hivi kuja hospitali?"

Bi Kamusi alifungua mdomo. Mama akamfinya mkono anyamaze, kama alivyomfinya utotoni mbele ya wageni.

"Utanisamehe, baba," akamwambia daktari. "Ni uzembe wangu."