Cherehani Ikinyamaza

Mimi ni muuguzi. Magoti yangu yalipochoka na wodi, nilijiandikisha kwa mtihani wa taaluma ya fedha, na mpaka siku hiyo nilikuwa sijui hati fungani ni mnyama gani. Dada yangu aliuliza kama nina akili timamu. Nilienda kununua kitabu cha mtihani.

Kila alasiri nilikaa kwenye kibanda cha mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, nikasoma kitabu kwa sauti huku yeye akishona sare za shule. Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Nikiwa katikati ya ukurasa, anaondoa miguu kwenye pedeli, cherehani inanyamaza, ananitazama.

"Rudia hapo, mama watoto."

"Kwani wewe unajua hati fungani ni nini?"

"Sijui hata chembe."

"Sasa?"

"Ukielewa, unasoma taratibu. Usipoelewa, unakimbia kama unafukuzwa na mbwa."

Nilinuna, lakini nilirudia. Kinachoudhi ni kwamba kila mara alikuwa amepatia.

Siku ya mtihani, swali la tisa lilikuwa refu, limejaa asilimia kila mstari. Nililisoma mbio mpaka mwisho, nikashika kalamu nijibu. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, watu wameinamia karatasi zao.

Kimya kile nilikijua. Nikaweka kalamu chini, nikalisoma upya, taratibu.