Kidonda cha Koplo

Katika hospitali nzima ya vita hakukuwa na mtu aliyeijua damu kumshinda Mama Bandeji. Mwenyewe alijisifu hivyo kila siku, kisha akaongeza kwamba siku yake ya kwanza kazini alizimia, na majeruhi ndiye aliyempepea.

Kazi yake ilikuwa kufua bandeji. Vitambaa vilikuwa haba, hakuna kilichotupwa: aliviroweka kwenye maji baridi, akavifua, akavichemsha kwenye pipa, akavianika, akaviviringisha, vikarudi wodini kufunga mguu wa mwingine. Wodi yenyewe ilikuwa darasa, na ubaoni hesabu za kuzidisha hazijafutwa bado. Majeruhi nao walizidi mpaka wanane wakalazwa chini, juu ya saruji. Mmoja wao, aliyechanwa mgongo na bomu, alikuwa mtoto wa dada yake.

Hilo hakumwambia mtu. Amri ilikuwa kwamba mfanyakazi mwenye ndugu wodini ahamishwe. Alimwinamia akamnong'oneza, "Mimi na wewe hatujuani. Ole wako uniite mama mdogo."

"Sawa, mama mdogo."

"Ee Mola, nipe subira!"

Aliyemchosha zaidi ni Koplo wa kitanda cha dirishani. Wiki ya sita hiyo, kidonda cha paja hakijapona. Kwa kuwa wauguzi walikuwa wachache, majeruhi wenye mikono mizima walijifunga wenyewe, na bandeji ya Koplo kila asubuhi ilikuja nyekundu. Sista, mkuu wa wodi, akiitazama tu husema, "Bado kinavuja, apumzike."

Kinavuja nini? Damu ina harufu ya chuma chenye kutu. Hiyo ya Koplo ilinukia kabati la dawa, na kwenye karai iligeuza maji kuwa ya waridi, ungedhani sharubati. Mama Bandeji alikuwa amelijua hilo wiki mbili, akafunga mdomo. Asiyetaka kurudi vitani, nani amlaumu? Lakini asubuhi hiyo mgongo wa yule wa sakafuni ulianza kunuka.

Akaingia wodini na birika la maji yanayochemka, karai kwapani.

"Sista, njoo uone muujiza. Koplo, lete bandeji yako, baba."

"Mama yangu, leo kimeamka vibaya sana..."

"Kimeamka? Kwani huwa kinalala? Lete!"

Akaitia karaini, akaimiminia maji. "Damu ikipigwa na maji ya moto hivi hushika kitambaa, ikawa kahawia, haitoki hata ufue mpaka kiama. Tazama hii inavyokimbia! Hii ni dawa nyekundu ya kupaka vidonda."

Sista akainua godoro. Kichupa cha dawa hicho hapo. Akamfunua paja: kovu kavu.

"Koplo!"

"Sista, nilikuwa najikinga tu, kisije kikarudi."

"Utajikingia kwenye mahema ya waliopona. Inuka."

Koplo akakusanya vitu vyake. Akipita akasema kwa sauti ya chini, "Mama, unajua watanirudisha wapi."

Mama Bandeji alijua. Akatazama karai.

"Kitanda hiki apewe yule wa mgongo," akasema.

Sista akamkazia macho. "Mbona yeye? Una ndugu humu?"

"Mimi? Sina hata wa kuniombea nikipiga chafya! Nasema haki tu."

Mgongo ule ulikuwa hauhitaji mabishano. Wauguzi wawili wakambeba, wakamlaza kifudifudi kwenye godoro. Akashusha pumzi ndefu.

"Asante, mama mdogo."

Sista akageuka polepole.

"Anaweweseka," akasema Mama Bandeji upesi. "Homa hiyo, maskini, inamfanya amwite kila mtu mama."

"Siweweseki," ikajibu sauti kutoka kwenye mto, kwa heshima zote. "Sista, mtazame pua. Yeye na mama yangu tumbo moja."