Mchuzi Uliosingiziwa

Kipandauso kilimjia fundi wa miwani kwa utaratibu uleule: kwanza mstari wa mwanga wenye meno ya msumeno, kisha upande mmoja wa dunia ukafutika, kisha maumivu ya kichwa. Mtu anayesaga lenzi ili wengine waone hawezi kupuuza jambo kama hilo. Hakuamini mkosi. Aliamini chanzo.

Alikuwa amesikia kwamba vyakula fulani huchochea kipandauso kwa baadhi ya watu, akaanza kuviondoa kimoja kimoja, kama anavyobadilisha lenzi mbele ya jicho la mteja. Iliondoka jibini, ikafuata chokoleti, kisha nyama za kopo. Kahawa nayo iliondoka na saa ya mapumziko, maana wenzake waliinywa pamoja nyuma ya karakana, na hakuona sababu ya kwenda kutazama vikombe vya watu.

Kichwa kiliendelea kuuma, hasa Jumapili alasiri. Na Jumapili mchana alikula kwa dada yake, aliyemlea na ambaye sasa aliishi peke yake.

"Dada," alimwambia mezani, "nadhani ni mchuzi wako unaoniumiza kichwa."

Dada aliweka upawa chini. "Mchuzi huu ndio uliokikuza hicho kichwa. Leo kimeota jeuri, kinaushtaki?"

"Sikulaumu. Nasema ninachokiona."

"Haya. Kaonee kwako."

Hakuna aliyempigia mwenzake simu tena. Jumapili zake zikabaki chumbani: kitanda, meza yenye kiti kimoja, redio ya jirani nyuma ya ukuta. Alilala mpaka mchana kwa kuwa hakuwa na pa kuamkia. Alasiri mstari wa mwanga ulikuja vilevile, bila mchuzi.

Ndipo akaenda kwa daktari, akamweleza yote, hata habari ya mchuzi wa dada.

"Mara ya mwisho, ulikula nini kabla kichwa hakijaanza kuuma?"

"Sikula kitu tangu jana yake mchana," alijibu, kwa fahari kidogo.

"Na zamani, siku za kula kwa dada? Asubuhi ulikunywa hata chai?"

"Hapana. Dada akiona wali umebaki kwenye sahani hununa. Nilikuwa naacha nafasi tangu Jumamosi."

Daktari alivua miwani. "Ndugu yangu, umefukuza wageni wote, na mwizi yumo ndani. Kukaa na njaa muda mrefu huchochea kipandauso kwa watu wengi. Siahidi kwamba utapona. Lakini kula kwa wakati, kila siku, Jumapili ikiwemo. Na maji."

Alifanya hivyo. Maumivu hayakwisha, ila yalianza kuziacha Jumapili nyingine zipite bila kubisha hodi. Angeweza kumpigia dada simu mapema. Alijiambia kwamba anasubiri kuwa na uhakika, na alipoupata uhakika akasubiri tena, hadi jioni moja akapiga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Mchuzi wako hauna kosa."

"Umeamua hivyo, hakimu?"

"Ilikuwa njaa. Nilikuwa nashinda njaa ili nimalize sahani yako."

"Ujinga gani huo! Si ungebakiza?"

"Ungenuna."

"Ningenuna, kisha ningecheka. Kununa kwangu kunaisha. Wewe hukurudi."

Akauliza Jumapili hii anapika nini.

"Sipiki Jumapili siku hizi. Nimpikie nani? Sufuria nilimpa jirani. Nakula mkate nimesimama."

"Nikija na sufuria?"

"Njoo nayo," dada alisema. "Na uje na kitu tumboni. Sitaki kusingiziwa tena."

Jumapili asubuhi alikula mkate na yai kwenye kile kiti kimoja, akamaliza, akanywa maji. Sufuria mpya ilikuwa mlangoni. Haikuwa kubwa. Dukani alimwuliza muuzaji mara mbili kama inatosha watu wawili.