Noti Isiyoalikwa

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi. Kulipambazuka na manyunyu, si mvua ya kumzuia mtu safari, ila ya kutosha kuzisumbua nyuzi za fidla zilizosokotwa kwa utumbo wa kondoo. Mpiga fidla alizikaza, zikalegea. Akazikaza tena, kisha akainamisha kichwa na kuomba kimyakimya, kama afanyavyo kila siku kabla ya kushika upinde wa kupigia.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kurekodi. Sonata tano, tungo za fidla na kinanda za zama za baroko, karne tatu hivi nyuma, zilikuwa zimekamilika. Ya sita ilibakiza sehemu moja tu, ile ya polepole, nayo ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Enzi hizo mtunzi aliandika mifupa ya wimbo, nyama akamwachia mpigaji: ukiurudia, unauvisha mapambo yako mwenyewe. Na yeye kila alipourudia, alipamba vingine.

Fundi wa sauti alichungulia kwenye mlango wa stoo, alikotandaza mitambo yake.

"Mama, mara ya kwanza ulipanda, ya pili ukashuka, ya tatu ukazunguka. Niunge nini na nini? Nitazaa mnyama wa vichwa viwili!"

"Shemeji," alidakia mpiga kinanda, mdogo wa mumewe, "siku nyingine ukitaka kupanda vile nistue mapema, nije na ngazi."

"Wewe piga kinanda chako, mdomo uache nje."

Wawili hao walicheka. Fundi hakucheka. Huko nyuma yeye na mpiga fidla waliwahi kurekodi santuri nzima, na haijatoka mpaka leo. Kila wiki mama huyu alimpigia simu: kata hapa, rudia pale, sauti hii inakwaruza. Kazi ikafia mezani.

"Hii nayo ikifa," alisema fundi, "utanisamehe mama, utatafuta fundi mwingine."

Maneno hayo yalimwingia mpiga fidla. Alichukua penseli, akaandika mapambo yote, noti kwa noti, akayapiga vilevile yalivyoandikwa. Hakuna kilichokwaruza. Fundi alitoka stoo akijikuna kisogo.

"Imekuwa safi. Safi kama sahani ambayo haijawahi kupakuliwa chakula."

Mwenyewe alijua. Alikuwa amepiga kama mtu anayesoma tangazo la mtu mwingine.

"Basi tuchukue ile niliyozunguka," alisema. "Ila pale katikati kidole kiliteleza. Pakate."

"Hapakatiki. Njoo usikie."

Waliingia stoo wote watatu, wakabanana kati ya ndoo na mafagio. Fundi akafungulia. Wimbo ulikuja taratibu, ukarudiwa, ukaanza kuvaa mapambo. Kisha kidole kidogo kikatua pasipo pake, kwenye noti ambayo hakuna aliyeialika. Mpiga fidla alifumba macho kwa aibu. Lakini fidla haikukimbia. Ilikawia pale, ikaibembeleza noti ile, ikateremka nayo polepole mpaka nyumbani. Na chini yake, mkono wa kulia wa shemeji uliacha njia yake, ukaitikia kwa mteremko uleule.

"Kumbe uliniitikia," alisema mpiga fidla.

"Ningefanyaje, shemeji? Uliita."

"Ndiyo maana hapakatiki," alisema fundi. "Nikimtoa mmoja, mwingine atabaki akijibu ukuta."

Mpiga fidla aliomba arudishiwe, akasikiliza tena. Akawaza sala zake. Humo hukwama, husahau neno, huchanganya majina ya watoto wa dada yake. Na hajawahi hata siku moja kumwomba Mungu aifute amina ili aanze upya. Mara ya tatu alijikuta anatabasamu, mabega yametulia.

"Umeridhika?" fundi aliuliza.

"Nimeridhika, tena sana."

"Leo. Kesho kutwa je, ukiwa na simu mkononi?"

"Hilo ni swali la haki," alisema shemeji.

Mpiga fidla alisimama wima kadiri stoo ilivyomruhusu, akatazama huku na huku.

"Nasema mbele yako, fundi, na mbele ya shemeji yangu, na Mungu ananisikia: sehemu hii itatoka kama ilivyo. Nikikupigia simu kukuomba ukate, usipokee."