Pompe Aliyoifunga Bisimwa

Kwa miaka ishirini na sita muguu wangu ulikuwa chombo cha kazi cha mume wangu. Bisimwa alikuwa dereva, na freni za gari yetu alizitengeneza mwenyewe. Analala chini ya ile 404 nyeupe, mimi ninakaa kwa usukani, naye anaita toka chini: "Kanyaga! Shika! Achilia!" Nikishika, anafungua visi, skrubu ndogo kwa gurudumu, hewa inatoka pamoja na mafuta ya freni, anafunga. Mimi niliishia mwaka wa tano wa shule ya musingi, lakini pedali ile niliijua vile ninajua sufuria yangu ikikaribia kuchemuka.

Bisimwa alikufa, sasa ni miaka mbili. Juma moja mbele ya ugonjwa alikuwa ameweka pompe mupya ya freni, ile inayosukuma mafuta mpaka kwa magurudumu. Ndiyo kazi ya mwisho mikono yake ilifanya. Gari ikabaki uani.

Mwaka huu binti yetu Lydie akachumbiwa na kijana wa Nyangezi, na akakataa kupanda gari ingine yoyote siku ya ndoa. "Papa hayuko wa kunipeleka kanisani," akasema. "Basi gari yake initeremushe."

Kuteremuka ndiyo ilikuwa shida. Sisi tunakaa juu kabisa, Kadutu, kanisa liko chini, na freni za zamani zilikuwa zinapata moto katikati ya mulima, zinachoka. Yannick, mwana wa mudogo wangu, ni fundi mwenye garage yake. Alikwenda Uvira kwa Hamadi, mufanyabiashara aliyekuwa anauza kipande kwa kipande gari ya sport iliyoanguka karibu na Sange. Akarudi na diski mbili za freni za mbele, kubwa kama sahani za pilau, pamoja na vyuma vyake vya kuzibana.

"Mama Mukubwa, hizi zilikuwa zinasimamisha gari ya kilometa mia mbili na makumi tano! Ka-404 ka Papa Bisimwa katasimama hata ukikohoa tu."

Jirani yetu Patrice akachungulia juu ya ukuta wa lupango. "Mama Lydie! Sasa utashindana mbio na vijana?"

"Nitakushinda wewe kwanza," nikamujibu.

Kisha nikamuambia Yannick neno moja. "Pompe usiiguse. Ile alifunga Bisimwa."

Aliniangalia kidogo, akainamisha kichwa. "Sawa, Mama Mukubwa." Katika familia yetu hatufungui kazi ambayo marehemu aliifunga. Inakuwa kama kumuhukumu, naye hayuko wa kujitetea.

Alifanya kazi siku ine. Akapeleka vyuma kwa mwenye kuchonga, akabadilisha na magurudumu, maana yale ya zamani hayakupita juu ya diski. Siku ya tano, Alhamisi, akaniita nikae kwa usukani.

"Kanyaga! Shika! Achilia!"

Pedali ilizama karibu mpaka chini. Nikamuambia. Akasema ni hewa. Tukarudilia mara tatu, chupa mbili za mafuta zikaisha, hewa ikawa haitoki tena hata kidogo. Muguu wangu bado ulikuwa unazama.

"Piga mara mbili, mama. Ya pili inashika. Mbona mji muzima wanaendesha vile?"

Ni kweli, wanaendesha vile. Nikapiga mara mbili, ya pili ikashika. Nikauliza, "Mutu akikatisha mbele ya Lydie kwa muteremuko, atangoja ile ya pili?"

Yannick akafuta mikono.

Nikaingia ndani, nikashika rozari. Nilitaka kumuomba Bikira Maria alinde gari. Sikuweza kuanza. Ilinipa haya kumuomba ashike gari mahali nilikuwa nimekataza fundi ashike. Nikakaa pale na shanga mukononi, ninawaza juu ya muguu wangu. Kwa freni za zamani, pompe ya Bisimwa ilikuwa inajibu palepale. Haikuharibika. Ila vyuma alivyoleta Yannick ni sufuria ya arusi, na pompe ile inaijaza kwa kikombe cha chai.

Nikatoka. "Yannick, ile gari ya sport ilikuwa na pompe yake?"

"Ilikuwa nayo. Kubwa."

"Iko wapi?"

"Kwa Hamadi." Akainama. "Nilijua tangu siku ya kwanza, Mama Mukubwa. Niliogopa kukuambia kwamba kazi ya Papa haitoshi."

"Na mimi niliogopa kuisikia. Piga simu."

Hamadi akaituma asubuhi ya Ijumaa, na gari ya kwanza kutoka Uvira. Wakati Yannick alileta ufunguo kwa pompe ya zamani, nilisimama karibu. Visi ya kwanza ilikataa. Bisimwa alikuwa anakaza sana. Nikasikia ikilia, halafu ikalegea. Nilifanya ishara ya musalaba, nikakaa kwa usukani bila kuitwa.

Safari hii pedali ilisimama juu. Ilikuwa nzito, mpaka nikashikilia usukani kwa kukanyaga, lakini haikuzama. Tukateremuka mulima wote mara mbili, mimi kando ya Yannick. Mara ya pili mbuzi ikakatisha njia. Akapiga mara moja tu. Kichwa changu kilikwenda mbele, kikarudi, na mbuzi ikaendelea na mambo yake.

"Hii sasa ndiyo freni," Yannick akasema.

Jumamosi Lydie akatoka na kanzu yake nyeupe, shangazi zake wanaishika nyuma isiguse tope. Akaweka mukono juu ya mulango wa gari, akasimama.

"Mama, freni ya Papa iko muzima?"

Wote walikuwa wanangoja niseme ndiyo.

"Haiko ya Papa tena," nikasema. "Nimeitoa jana. Hii iko muzima."

Akapapasa mulango ule mara moja. Kisha akakusanya kanzu yake, akapanda.